Sauti ikipita hewani, msawazo unakwenda wapi?

Swali la msomaji: Mwalimu, kitabu changu cha themodinamiki kinasema kanieneo na halijoto ni sifa za gesi iliyo katika msawazo. Sura inayofuata inaeleza sauti kuwa ni hewa iliyovurugwa, yaani iliyotoka kwenye msawazo, lakini hapo hapo inatumia mlingano wa gesi, PV = nRT, ndani ya wimbi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha inasema joto halipati nafasi ya kuhama kwa kuwa sauti ni ya haraka mno. Je, hewa yenye sauti iko katika msawazo au haiko? Na sauti ikishazimika, nishati yake inakuwa imekwenda wapi?

Jibu: Mashaka yako yana msingi, na nimefurahi kwamba hukuyapuuza. Jibu fupi ni kwamba hewa yenye sauti haiko katika msawazo ukiitazama chumba kizima, iko katika msawazo ukiitazama kipande kidogo kidogo, na hata ndani ya kipande hicho kuna fungu dogo la nishati ya molekuli ambalo huchelewa kufika. Hoja ya kwamba joto halihami kwa sababu sauti ni ya haraka imekosewa, ingawa imeandikwa katika vitabu vingi. Nitakaa nayo kwa muda, maana ukiielewa kasoro yake umeelewa karibu jambo zima.

Tuanze na msawazo. Gesi iliyo katika msawazo kamili ina halijoto moja na kanieneo moja kila mahali, haina upande unaotiririkia upande mwingine, na ukiiacha mwaka mzima utaikuta vilevile. Tukiishika maana hiyo kwa ukali, hakuna hewa yoyote duniani iliyo katika msawazo, kwa hiyo hakuna hewa yenye halijoto, na kila kipimajoto kinapima kitu kisichokuwepo. Hapo hatufiki popote. Swali lenye manufaa ni hili: kipande hiki cha hewa kikivurugwa, kinahitaji muda gani kutulia? Na kile kinachokivuruga kinahitaji muda gani kubadilika? Ikiwa kutulia ni kwa upesi zaidi sana kuliko kubadilika, basi kipande hicho kitakuwa kimetulia wakati wote, ingawa hali kinayotulia ndani yake inasogea kidogo kidogo. Huo ndio msawazo wa mahali, na ndio unaokipa kitabu chako ruhusa ya kuandika PV = nRT ndani ya wimbi. Kutaja msawazo bila kutaja muda na umbali ni kusema nusu ya habari.

Sasa tutie namba. Chukua hewa ya nyuzi 20 za sentigredi kwenye usawa wa bahari. Molekuli hukimbia kwa wastani wa mita 460 kwa sekunde, lakini haifiki mbali: kila baada ya nanomita 68 hivi inagonga nyingine. Hiyo ni karibu migongano bilioni 7 kwa sekunde. Linganisha na sauti ya hezi 1,000, ambayo mzunguko wake mmoja huchukua sehemu moja ya elfu ya sekunde na wimbi lake lina urefu wa sentimita 34. Kabla mzunguko huo mmoja haujakamilika, kila molekuli imegongana na wenzake mara milioni 7. Migongano michache tu, isiyofika kumi, inatosha kuwafanya majirani wagawane nishati ya mwendo kwa mpangilio ule ambao James Clerk Maxwell aliuonyesha mwaka 1860. Kwa molekuli, basi, wimbi la sauti ni badiliko la polepole mno.

Umbali nao unasema hivyohivyo. Tuseme unakata mchemraba wa hewa wenye upande wa maikromita 1. Ndani yake kuna molekuli kama milioni 25, idadi inayotosha kabisa kuzungumzia wastani. Halijoto ikitofautiana kati ya kona moja ya mchemraba huo na nyingine, tofauti hiyo hufutika kwa muda wa sehemu 50 za bilioni za sekunde. Na mchemraba wenyewe ni mdogo kuliko urefu wa wimbi mara 340,000, kwa hiyo hauna habari kabisa kwamba upande mmoja wa wimbi kuna mbano na upande wa pili kuna mtanuko. Kila mchemraba una halijoto yake, kanieneo yake na densiti yake, na zote tatu zinatii mlingano wa gesi. Kinachotofautiana ni mchemraba mmoja na ule ulio mbali nao.

Watu wengi hushangaa wakiona jinsi mvurugo wenyewe ulivyo mdogo. Sauti ya desibeli 94 ni kali kiasi cha kumlazimu mtu apaze sauti ili asikike. Kanieneo yake hupanda na kushuka kwa paskali 1 tu, juu ya paskali 101,325 za hewa tulivu, yaani sehemu moja katika laki moja. Halijoto hupanda kwenye mbano na kushuka kwenye mtanuko kwa digrii 0.0008 hivi. Kasi ambayo hewa kwa jumla wake inakwenda mbele na kurudi ni milimita 2.4 kwa sekunde. Fikiria kundi la nyuki linalosukumwa na upepo hafifu: kila nyuki anaruka huku na huku kwa kasi yake, na kundi zima linasogea taratibu kuelekea upande mmoja. Hewa yenye sauti ni hivyo, ila tofauti ni kubwa zaidi, kwani mwendo wa kila molekuli ni wa haraka kuliko msogeo wa kundi karibu mara laki mbili.

Nakuomba usimame kidogo hapa, maana kuna jambo ambalo vitabu vya mwanzo havilisemi. Idadi ya molekuli ndani ya ule mchemraba wa maikromita 1 hairudii ileile kila unapoihesabu. Hupungua na kuongezeka yenyewe kwa takriban sehemu moja katika elfu tano, hata chumba kikiwa kimya kabisa. Sauti yetu ya desibeli 94 hubadilisha densiti kwa sehemu 7 tu katika milioni. Kwa hiyo, katika mchemraba mmoja, mtikisiko wa kawaida wa hewa iliyo katika msawazo ni mkubwa kuliko sauti mara 28 hivi! Sauti inapatikana kwa sababu michemraba mingi mno inasogea kwa pamoja na kwa mpango mmoja, na ngoma ya sikio inachukua wastani wa eneo kubwa sana likilinganishwa na kimchemraba hicho. Mtikisiko ule wa kawaida nao una mawimbi ya sauti ndani yake, yanayokwenda kila upande bila mpango. Léon Brillouin alihesabu mwaka 1922 namna yanavyoweza kutawanya mwanga, na leo njia hiyo hutumika kupima kasi ya sauti katika gesi na vimiminika bila kupiga sauti yoyote. Kwa hiyo usiuchukulie msawazo kuwa ni ukimya. Gesi iliyotulia kabisa bado ina mvumo wake, na katika gesi yenye joto mvumo huo hauwezi kuondolewa.

Sasa tuingie kwenye joto, ambako ndiko kwenye mzozo wenyewe. Isaac Newton alihesabu kasi ya sauti kwa kuchukulia kwamba hewa ikibanwa, kanieneo yake hupanda kwa uwiano uleule na densiti, kama kanuni ya Boyle inavyosema. Kwa lugha yetu ya leo, alichukulia kwamba halijoto haibadiliki. Katika toleo la 1713 la kitabu chake kikuu alipata futi 979 kwa sekunde, wakati vipimo vilikuwa vinaonyesha futi 1,142. Pengo hilo lilikuwa kubwa, na Newton alijaribu kuliziba kwa kusema kwamba chembe za hewa zina unene ambao sauti huuvuka papo hapo, na kwamba mvuke uliomo hewani haushiriki katika sauti. Wanahisabati Euler na Lagrange walirudia hesabu hiyo kwa hisabati bora zaidi mwaka 1759, na pengo likabaki palepale. Hilo lilikuwa na funzo kubwa: hisabati haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye dhana ya kwamba halijoto inabaki ileile.

Pierre-Simon Laplace ndiye aliyeona njia. Mwanafizikia Biot aliitangaza rai hiyo mwaka 1802 kwa dokezo la Laplace, na Laplace mwenyewe akatoa kanuni kamili mwaka 1816. Hewa ikibanwa hupata joto, na joto hilo likibaki humohumo hewa inakuwa ngumu zaidi kubanwa. Ugumu huo unaongezeka kwa kizidisho kinachoandikwa γ (gama), ambacho kwa hewa ni 1.4. Kasi ya sauti ni kipeuo cha pili cha γ mara kanieneo gawanya kwa densiti. Kwa nyuzi 20, kanuni ya Newton inatoa mita 290 kwa sekunde. Ukizidisha kwa kipeuo cha pili cha 1.4, ambacho ni 1.18, unapata mita 343, na ndiyo kasi inayopimwa.

Kwa hiyo joto linabaki humo. Lakini kwa nini? Hapa ndipo kitabu chako kinasema "kwa sababu sauti ni ya haraka". Hoja hiyo ikiwa kweli, basi sauti nyembamba, yenye marudio (mizunguko) mengi kwa sekunde, ingehifadhi joto lake vizuri kuliko sauti nzito, kwa kuwa mzunguko wake ni mfupi zaidi. Na sauti nzito kabisa, ya hezi 20, ingekuwa imekaribia hesabu ya Newton. Hali halisi ni kinyume kabisa.

Zingatia kwamba joto linapohama, linatoka kwenye mbano kwenda kwenye mtanuko, na kati yake kuna nusu ya urefu wa wimbi. Muda wa joto kupenya umbali fulani hukua kwa mraba wa umbali huo: umbali ukiwa mara kumi, muda unakuwa mara mia. Mzunguko wa sauti hukua kwa kadiri ileile tu ya urefu wa wimbi: wimbi likiwa refu mara kumi, mzunguko unakuwa mrefu mara kumi. Kwa hiyo ukishuka kwenda kwenye sauti nzito, joto linapewa muda mara kumi lakini linatakiwa kufanya safari inayohitaji muda mara mia. Linashindwa zaidi. Kwa sauti ya hezi 1,000, tofauti za joto ndani ya wimbi zingehitaji zaidi ya dakika mbili kufutika kwa kupitishwa na hewa, na muda uliopo ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Uvujaji wa joto katika sauti hiyo ni kama sehemu moja tu katika milioni. Kwa hezi 20 ni mdogo zaidi mara 50, na kwa hezi 20,000 ni mkubwa zaidi mara 20. Sauti huhifadhi joto lake kwa sababu mawimbi yake ni marefu, na jinsi yanavyozidi kuwa marefu ndivyo linavyohifadhika.

Pengine utauliza: je, tukipanda kwenye marudio makubwa mno, tutafika mahali ambapo Newton yuko sahihi? Fanya hesabu. Joto linaanza kwenda sambamba na wimbi pale urefu wa wimbi unaposhuka hadi maikromita 0.38 hivi, kwenye marudio yanayokaribia hezi bilioni moja. Sasa linganisha urefu huo na zile nanomita 68 ambazo molekuli huenda kati ya mgongano na mgongano. Wimbi zima limebaki na nafasi ya migongano mitano au sita. Hapo hakuna tena kipande cha hewa kilicho kidogo kuliko wimbi na wakati huohuo kikubwa cha kutosha kuwa na halijoto. Sauti yenyewe hufa kabla ya kusafiri mbali, na mlingano wa gesi haushiki tena. Kwa hiyo katika hewa ya wazi sauti ya Newton haipo popote: ukifika mahali ambapo joto lingeweza kusawazika, msawazo wa mahali umeshavunjika.

Hili si jambo la bahati, na kwangu mimi ndilo jibu la kweli la swali lako. Molekuli ndizo zinazobeba sauti, na molekuli hizohizo ndizo zinazobeba joto, kwa kasi zinazokaribiana. Ukigawanya umbali wa kati ya migongano kwa urefu wa wimbi unapata namba moja ndogo, ambayo kwa hezi 1,000 ni kama sehemu moja katika milioni tano. Udogo wa namba hiyo unasema kwamba kila kipande kimetulia. Udogo wa namba hiyohiyo unasema pia kwamba joto halihami kutoka mbano kwenda mtanuko. Kitabu chako kimekupa mambo hayo mawili kama dhana mbili zinazojitegemea, moja ya msawazo na nyingine ya joto, na ndiyo maana yalionekana kupingana. Chanzo chao ni kimoja: joto hubebwa na migongano, na wimbi lina urefu wa mamilioni ya hatua kati ya mgongano na mgongano.

Hoja ya haraka ina mahali pake pa kweli, nako ni karibu na ukuta. Ukuta unashikilia halijoto yake, na hewa iliyo jirani nao inaupa joto au inapokea kutoka kwake. Umbali wa kwenda ukutani haubadiliki marudio yakibadilika, kwa hiyo huko mzunguko mrefu kweli unalipatia joto nafasi zaidi. Tabaka la hewa linaloathirika lina unene wa milimita 0.08 kwa hezi 1,000, na milimita 0.26 kwa hezi 100. Chumbani hilo ni tabaka jembamba lisilohesabika. Lakini jaza nafasi kwa pamba ya kioo, yenye nyuzi zilizokaribiana kuliko unene huo, na hewa yote inakuwa "karibu na ukuta". Kwa sauti nzito, hewa ndani ya pamba hiyo hubanwa kwa halijoto isiyobadilika, na ugumu wake unashuka hadi ule ule aliouchukua Newton. Mafundi wanaotengeneza vyumba vya kurekodia hulijua hili kwa vitendo, na wanaohesabu tabia ya spika zilizojazwa pamba lazima waliingize kwenye mahesabu.

Mpaka hapa nimezungumzia mwendo wa molekuli kama vile ni punje tu. Oksijeni na naitrojeni, hata hivyo, zina atomu mbili kila moja. Molekuli inaweza kusafiri, inaweza kuzunguka, na atomu zake zinaweza kutetema, zikikaribiana na kuachana. Msawazo unadai nishati igawanywe kwa kila namna ya mwendo kadiri halijoto inavyoruhusu. Kusafiri na kuzunguka husawazika baada ya migongano michache. Kutetema ni habari nyingine kabisa. Kwa nyuzi 20 ni molekuli kama tano tu za oksijeni katika kila elfu kumi zinazotetema, na katika hewa kavu molekuli inaweza kugongana mara mamilioni mengi kabla ya kuingia au kutoka katika hali hiyo. Hapa ndipo lilipo lile fungu linalochelewa nililokutajia mwanzoni.

Kinachofuata ni kizuri sana kukifikiria. Sauti ikiwa nzito mno, mtetemo unapata muda wa kufuata kila mbano na kila mtanuko. Msawazo umetimia na hakuna kinachopotea. Sauti ikiwa nyembamba mno, mtetemo haushiriki kabisa. Ni kana kwamba haupo, na hapo pia hakuna kinachopotea kwa njia hiyo. Hasara inatokea katikati. Mzunguko wa sauti ukilingana na muda ambao mtetemo unahitaji, nishati huingia kwenye mtetemo wakati wa mbano na hurudi ikiwa imechelewa, wakati hewa imeshaanza kutanuka. Ikirudi kwa kuchelewa hailisukumi tena wimbi, inaishia kuwa joto.

Mwanafizikia Stokes mwaka 1845 alihesabu jinsi mnato wa hewa unavyokula sauti, na mwenzake Kirchhoff mwaka 1868 akaongeza upitishaji wa joto. Kwa hezi 1,000, mambo hayo mawili yanatoa upungufu wa desibeli kama 0.1 tu kwa kilomita. Vipimo kwa nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 50 vinatoa desibeli 4.2. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mtetemo unaochelewa, kama kazi za Hans Kneser na Vern Knudsen zilivyothibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na kwa kuwa molekuli za maji husaidia sana oksijeni kuingia na kutoka kwenye mtetemo, unyevu wa hewa hubadilisha mambo kwa kiasi ambacho usingekitarajia. Kwa hezi 4,000 na nyuzi 15, sauti hupungua desibeli 88.8 kwa kilomita unyevu ukiwa asilimia 20, desibeli 36.2 ukiwa asilimia 50, na desibeli 23.7 tu ukiwa asilimia 80. Kati ya hizo tatu, hewa yenye unyevu mdogo kabisa ndiyo inayomeza sauti nyembamba zaidi. Wanaopanga spika za mikutano mikubwa ya nje hulazimika kulifikiria hili, kwa sababu mtu aliye mbali husikia maneno yaliyopoteza ukali wake, na kiasi kilichopotea hubadilika na hali ya hewa.

Katika hewa ya dunia, kuchelewa huku hakubadilishi kasi ya sauti kwa kiasi cha kuonekana, haifiki hata sehemu moja ya elfu. Kwenye sayari ya Mirihi kunabadilisha. Angahewa ya huko ni kaboni dayoksaidi, kwa kanieneo ambayo ni kama sehemu sita za elfu za ile ya hapa, kwa hiyo migongano ni michache. Molekuli ya kaboni dayoksaidi ina atomu tatu na inaweza kujipinda, na kule kujipinda kunachukua sehemu kubwa ya nishati. Chombo cha Perseverance kilichotua huko Februari 2021 kina maikrofoni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kasi mbili. Sauti iliyo chini ya hezi 240 husafiri kwa mita 240 hivi kwa sekunde. Iliyo juu ya hapo husafiri kwa mita 250 hivi. Mvumo wa helikopta ndogo ya Ingenuity, uliokuwa na hezi 84, ulikuwa upande wa chini, na milio ya leza ya chombo inapopiga mawe iko upande wa juu. Sauti ya chini hupata gesi ambayo kujipinda kwake kumetulia pamoja na mengine. Sauti ya juu hupata gesi ambayo kujipinda kumeachwa nyuma, na γ yake inakuwa kubwa kidogo. Gesi ni ileile, mahali ni palepale, saa ileile, lakini jibu la "iko katika msawazo?" linategemea sauti gani inayouliza. Ningetamani mfano huu uwekwe katika kila kitabu chenye sura kama hiyo yako.

Kuna mahali pengine ambapo msawazo wa mahali huvunjika hata hewani kwa kanieneo ya kawaida, nako ni ndani ya wimbi la mshtuko, kama lile linalotangulia ndege iendayo kasi kuliko sauti. Ukuta wa mshtuko mkali una unene wa hatua chache tu za molekuli. Ndani ya unene huo huwezi kusema halijoto ni hii; unaweza kuisema ya kabla na ya baada tu, na katikati inabidi ufuate molekuli zenyewe.

Limebaki swali lako la mwisho. Sauti ikizimika, nishati yake yote huishia kuwa mwendo usio na mpango wa molekuli, yaani joto, kwa njia ya mnato, upitishaji, mtetemo uliochelewa na kuta za chumba. Entropi, yaani kipimo cha kutopangika, huongezeka, na chumba kinarudi kwenye msawazo kikiwa na joto kidogo zaidi. Kidogo kiasi gani? Sauti yetu ya desibeli 94 ina nishati ya maikrojuli 7 hivi katika kila mita ya ujazo. Ikigeuka yote kuwa joto ndani ya hewa hiyo, halijoto itapanda kwa sehemu 8 za bilioni za digrii. Linganisha na zile digrii 0.0008 zilizokuwa zikipanda na kushuka wakati wimbi linapita: hizo ni kubwa mara laki moja. Sababu ni kwamba mpando wa kwenye mbano na mshuko wa kwenye mtanuko hufutana karibu kabisa, na kinachobaki hukua kwa mraba wa nguvu ya sauti. Ukiongeza kanieneo ya sauti mara kumi, yaani desibeli 114, mpando na mshuko huwa mara kumi, na joto linalobaki huwa mara mia.